Tusiite Samli Kisicho Samli

Ndugu msomaji, makala haya nayaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwani si vyema mtu kuwanyoshea wenziwe kidole ilhali ya kwake ameyafunikia kawa.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na harusi ya binti wa ndugu yangu hapa Mombasa. Kama ilivyo ada yetu, kila mmoja katika jamaa alipewa jukumu lake: huyu mchele, yule nyama, mwingine viti na mahema. Mimi nilikabidhiwa fedha za samli. Walinichagua kwa sababu utotoni nililelewa na nyanya yangu shambani Witu, ambako maziwa yalisukwa na samli ikapikwa uani petu, na jamaa walisema hakuna miongoni mwetu aijuaye samli kunishinda. Fedha zenyewe zilitosha kuagiza samli ya ng'ombe kutoka Garsen.

Lakini nilichelewa. Zilipobaki siku 3 nikaingia dukani, nikanunua makopo yaliyoandikwa "samli" kwa herufi kubwa na kuchorwa ng'ombe mnono. Bei yake haikufika hata nusu ya ile niliyopewa. Nyuma ya kopo palikuwa na maandishi madogo yaliyosema kwamba kilichomo ni mafuta ya mimea. Niliyaona. Nikisema sikuyaona nitakuwa naongeza kosa juu ya kosa. Fedha zilizobaki nilizirudisha, na jamaa wakanisifu kwa kubana matumizi.

Usiku wa kuamkia harusi, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa mkuu wa wapishi alifungua kopo la kwanza. Akachota kidogo, akasugua kiganjani, akanusa. Kisha akaniita.

"Mwanangu, hini si samli. Haya ni mafuta."

"Mama, imeandikwa samli," nikamjibu.

"Na mimi nikiandika mlangoni pangu kuwa ni sultani, nitakuwa sultani?" Wapishi wenziwe wakacheka, lakini yeye hakucheka. "Nitapika, kwa kuwa wageni hawana kosa. Lakini nikiulizwa, sitasema nimepikia samli."

Siku ya pili biriani ilisifiwa. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, mtu wa heshima zake, akauliza samli ile imetoka wapi. Yule mama akaashiria kwangu: "Muulize aliyenunua." Watu wakanigeukia. Nami, ndugu msomaji, mbele ya kaumu ile yote, nikasema, "Ya Garsen."

Maneno hayo mawili yalinitoka upesi na kwa wepesi. Nilidhani yamepita na harusi. Wiki mbili baadaye yule mzee akanipigia simu. Binti yake amejifungua, anasema, na anataka samli ya kweli ya kutia katika uji wa pilipili manga wa mzazi. Je, ninaweza kumwelekeza kwa yule muuzaji wangu wa Garsen?

SAFARI YA GARSEN

Nilikuwa na njia mbili: kusema kweli, au kuitafuta hiyo samli niliyodai kuinunua. Nilichagua ya pili, si kwa ushujaa bali kwa haya. Nikapanda basi la alfajiri kupitia Malindi.

Garsen nilielekezwa kwa mama mmoja Muorma, nyumba ya pembeni mwa mji. Alikuwa na chupa moja tu, haikujaa. Nilipomwomba zaidi alinieleza hali yake bila ya kulalamika. Zamani, alisema, mamake alikuwa akijaza debe baada ya mvua za masika, na wanunuzi walimjia kutoka Lamu, Malindi na hata Mombasa. Siku hizi kijana wa pikipiki huja asubuhi, hununua maziwa mabichi na kulipa papo hapo. Samli hungoja mnunuzi, na mnunuzi haji. Maziwa machache anayobakisha huyasuka kwa dumu la plastiki, kwa kuwa vibuyu vizuri vimekuwa haba.

Nilipokuwa namlipa aliniuliza swali ambalo nimerudi nalo Mombasa na hadi leo sijalitua: "Kwani nyinyi watu wa pwani mmeacha kula samli?"

Ningemjibu nini? Hatujaacha kulitaja jina lake. Hakuna karamu isiyotajwa samli, hakuna halua isiyosifiwa kwa samli, hakuna mkate wa sinia wala maandazi ya sikukuu ambayo mwenyewe hatasema "nimetia samli". Jina tunalo. Kilichotutoka ni kitu chenyewe, na pamoja nacho yule mama aliyekitengeneza.

KIBUYU CHA NYANYA

Kwa faida ya vijana ambao hawakuona, nitaeleza kazi hii kama nilivyoiona Witu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili ijulikane kwamba samli haitoki dukani.

Nyanya yangu hakuwa mfugaji kwa asili. Alikuwa mwanamke wa Kiamu aliyeolewa shamba, na ng'ombe wake 9 walichungwa pamoja na kundi la jirani yetu Muorma. Kazi ya kusuka maziwa alifundishwa na mke wa jirani huyo. Nalitaja hili makusudi, kwa kuwa watu wa mjini hupenda kudhani kila kilicho katika sinia yao kilizaliwa mjini.

Ng'ombe wa Kiorma ni wa jamii ya Borana, mnyama mstahamilivu wa jua na mwendo, lakini si wa maziwa mengi. Ndama akishanyonya, mkamuaji hupata lita 1 au 2 tu. Maziwa yaliyobaki baada ya chai na baada ya watoto ndiyo yaliyotiwa kibuyuni.

Kibuyu chenyewe kilikuwa na adabu zake. Kilioshwa kwa maji ya moto, kikasuguliwa ndani kwa ufito uliochanwa ncha, kisha kikafukizwa kwa kijinga cha moto mpaka kikakauka. Moshi ule uliua vijidudu vinavyoharibu maziwa, tena uliyatia harufu ambayo hata leo nikiisikia hugeuza shingo. Maziwa yakakusanywa humo siku 2 au 3 mpaka yakaganda na kuchachuka yenyewe, kwa maana maziwa yaliyochachuka hutoa siagi kwa wepesi kuliko maziwa mabichi.

Kusuka kulifanywa baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijapanda. Sisi watoto tulidhani ni desturi tu. Baadaye nikafahamu sababu yake: siagi hulegea kwa joto, na jua la pwani likishakolea, mafuta huwa laini mno yasiweze kushikamana vizuri. Wale kina mama hawakuwa na kipima joto, lakini walijua saa ya kazi yao.

Nyanya alikaa mkekani, miguu ameinyoosha, kibuyu juu ya mapaja, akakisukuma na kukivuta, kikenda kikirudi. Hakuwa na saa. Alihesabu kwa dhikri, Subhanallah, Alhamdulillah, Allahu Akbar, na kila baada ya muda alikizibua kidogo kitoe pumzi, kwani maziwa yaliyochachuka yakitikiswa hufura na yanaweza kurusha kizibo. Mwanzo kibuyu hulia sauti moja nzito. Baada ya nusu saa au zaidi, sauti hubadilika. Husikika maji mepesi yanayocheza, na ndani yake kitu kinachogonga. Hapo nyanya alisema neno moja: "Imekuja."

Kilichokuja ni siagi. Ndani ya maziwa mafuta huelea kwa matone madogo yasiyoonekana kwa macho, na kila tone lina utando wake. Mtikiso huupasua utando huo, matone yakakutana, yakashikana, mwisho yakawa madonge. Madonge yale yaliopolewa kwa mkono, yakaoshwa kwa maji baridi mara mbili tatu mpaka maji yakatoka safi. Mtindi uliobaki tulipewa sisi watoto, na jirani, na mpita njia. Nyanya alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: siagi huuzwa, mtindi hauuzwi.

Siagi haikai katika joto letu. Ina maji ndani yake, kadiri ya asilimia 16, pamoja na masalio ya maziwa, na hivyo ndivyo viiozeshavyo. Ndiyo maana watu wa pwani hawakushughulika sana na siagi, wakaigeuza samli. Siagi ya siku kadhaa ilitiwa chunguni juu ya moto wa makaa machache. Ikayeyuka, ikatoa povu, ikaanza kulia kama mvua juu ya makuti. Mlio ule ni maji yanayotoka. Ukinyamaza, maji yamekwisha, na mashapo yaliyotuama chini yameanza kuwa ya rangi ya kahawia. Hapo ni lazima chungu kiepuliwe mara moja. Ukichelewa, samli inanuka moshi. Ukiwahi, itachacha baada ya wiki chache. Nyanya alitia chembe za iliki, akachuja kwa kitambaa safi, na sisi tukayagombea mashapo kwa mkate na sukari.

Samli iliyopikwa hivyo hukaa miezi mingi bila ya barafu. Ya baada ya masika, ng'ombe walipokula majani mabichi, ilikuwa ya manjano iliyokolea. Ya kiangazi ilikuwa nyeupe zaidi. Ikiganda hufanya chenga chenga. Na hesabu yake ni hii: ili kupata kilo 1 ya samli huhitajika maziwa lita 25 au kukaribia hapo. Kwa nyanya, kilo ile moja ilikuwa ni alfajiri nyingi za kukamua, kusuka, kuosha na kupika. Mabega yake yalikuwa yakimuuma, na usiku alituomba tumkande. Sitaki kuipamba kazi ile ikaonekana mchezo.

SAMLI NA BAHARI

Huenda mwenzangu wa mjini akasema kwamba haya ni mambo ya mashamba, hayana uhusiano na ustaarabu wa miji yetu. Hapana. Samli imo katika historia ya bahari hii tangu zama kongwe.

Kile kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Nabii Isa, kiitwacho Periplus, kimeitaja samli pamoja na mchele, ngano, mafuta ya ufuta na nguo za pamba miongoni mwa bidhaa zilizoletwa kutoka Bara Hindi hadi bandari za Pembe ya Afrika. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kuteremka Mombasa na Kilwa, alieleza chakula alichokirimiwa: wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa katika sahani kubwa ya mti, na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga juu yake. Msomaji aitazame sinia ya harusi yetu, kisha aniambie kama si ile ile, karibu miaka 700 baadaye.

Katika karne ya 19 samli ilisafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Benadir, miji kama Barawa na Merka, na kutoka kisiwa cha Socotra, ikauzwa Unguja. Huko Oman mabedui walisuka maziwa yao kwa ngozi ya mbuzi, na jina la chombo hicho tunalo sisi hadi leo: kiriba. Neno samli lenyewe limetokana na Kiarabu, samn. Mwanamke wa Kisomali, wa Kiorma, wa Kiarabu na nyanya yangu wa Witu, kila mmoja alikuwa na chombo chake, lakini alfajiri yao ilikuwa moja.

Na katika dini yetu maziwa si jambo dogo. Sura ya An-Nahl imetutaka tuzingatie jinsi Mwenyezi Mungu anavyotutolea maziwa safi kutoka matumboni mwa wanyama. Na katika Sahihi ya Muslim imo habari ya Ummu Malik, mwanamke aliyekuwa akimpelekea Mtume (S.A.W.) zawadi ya samli katika kiriba kidogo. Wanawe walipomwomba kitoweo na hana kitu, alikiendea kiriba kile na kukuta samli ndani yake. Ikawa hivyo mpaka siku alipokikamua. Alipomweleza Mtume, akaambiwa kwamba lau angalikiacha bila ya kukikamua, kingaliendelea kumpa. Mimi si mwanachuoni wa kufasiri hadithi. Lakini kila niikumbukapo naona kwamba baraka ya samli ilikuwa pale palipokuwa na kutoa, na ilikatika mkono ulipokamua. Sisi wa leo tunakamua bei, tunakamua muda, tunakamua mpaka maana ya neno.

IMETUTOKAJE?

Samli haikupotea kwa siku moja, wala si kosa la mtu mmoja. Vita vya Shifta, vya mwaka 1963 hadi 1967, viliwavuruga wafugaji wa Tana na wa mpakani, na mifugo mingi ikaangamia. Nyanya yangu mwenyewe alihamia Lamu wakati ule, na ng'ombe wake hatukuwaona tena. Ukaja ukame wa mwaka 1984, na wa karibuni ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea 2021 na 2022, ambao ulizimaliza zizi kwa zizi. Malisho ya delta nayo yamekuwa ya kugombewa, mkulima huku na mfugaji kule, na tuliyoyaona Tana mwaka 2012 hayafai kurudiwa.

Huko bara walowezi walikuwa na chama chao cha KCC tangu mwaka 1925, wakapeleka krimu kwa gari la moshi kwenye viwanda vya siagi. Mama wa Garsen hakuwa na gari la moshi wala kiwanda. Alikuwa na mnunuzi wa mjini tu, naye ni mimi na wewe.

Kisha yakaja mafuta ya makopo. Sisemi yalikuwa shari. Mafuta ya kupikia ya bei nafuu yaliingia majikoni mwa watu wengi ambao samli hawakuimudu, na yakapikiwa kwa jina lake, mafuta, pasipo mtu kudanganywa. Ubaya ulianza pale mafuta yalipoazima jina la samli. Yalitiwa rangi ya manjano, yakatiwa manukato, yakachorewa ng'ombe. Nasi tukajifanya hatuoni, kwa sababu bei ilitupendeza.

JINA NI AMANA

Wapo watakaoniambia: "Ndugu, hivi leo maisha ni ghali. Unataka maskini wasioze binti zao?" La. Mwenye kupikia mafuta ya mimea na aseme amepikia mafuta ya mimea. Pilau ya mafuta si haramu wala si aibu. Aibu ni ile niliyoifanya mimi, ya kupika kimoja na kutaja kingine.

Tena hili si suala la ladha peke yake. Kanuni za vyakula za kimataifa, Codex Alimentarius, zimeieleza samli kuwa ni ile itokanayo na maziwa, krimu au siagi tu, na mafuta yake ya maziwa yasipungue asilimia 99.6. Kwa kipimo hicho, kopo la mafuta ya mimea si samli hata lichorwe zizi zima. Na mafuta ya mimea yanayogandishwa kiwandani kwa kutiwa haidrojeni, yasipokamilishwa, huwa na aina ya mafuta inayodhuru moyo, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitaka dunia mwaka 2018 iyaondoe katika chakula ifikapo mwaka 2023. Mgonjwa wa moyo anayeambiwa "kula kidogo, ni samli safi" ana haki ya kujua anachokula.

Nami nitakuwa mwadilifu kwa upande wa pili. Samli ya ng'ombe nayo ni mafuta mazito, na aliyekatazwa na daktari asije akanitaja mimi kuwa shahidi wake. Wazee wetu walikula samli kwa kijiko, siku ya furaha, wakatembea kwa miguu kwenda shamba na kurudi. Hawakuimwaga sufuriani kila siku kama tufanyavyo. Kwa hiyo jibu la ughali limo humo humo: kidogo cha kweli ni bora kuliko kingi cha uongo. Vijiko viwili vya samli ya kweli vikinyunyizwa juu ya wali wakati wa kupakua vitanukia ukumbi mzima, na huku chini umepikia mafuta ya kawaida na kila mtu anajua.

Wengine watasema kibuyu kimepitwa na wakati. Nakubali. Simtaki mama yeyote aumie mabega ili mimi nifurahie kumbukumbu zangu. Kama kikundi cha kina mama kitapata mashine ndogo ya kutenga krimu, au pipa la kusukia lenye mkono, na kitambaa safi na chupa safi, samli yao itabaki samli. Tunachotakiwa kukihifadhi ni mambo mawili: maziwa yawe maziwa, na aliyefanya kazi alipwe.

Hapa ndipo ninapotaka kuwaambia wenzangu wa mjini neno zito kidogo. Tuna tabia ya kujisifu kwa mapishi yetu na papo hapo kumdharau mtu wa nyika, Muorma, Msomali wa kundini, Mduruma wa Kinango, kana kwamba hana alichochangia katika ustaarabu huu. Sinia ile tunayojivunia nusu ya utamu wake ulitoka zizini kwake. Tukimwacha yeye, tutabaki na sinia, na picha ya ng'ombe kwenye kopo.

Nini basi kifanyike? Mwenye harusi huipanga kwa miezi. Mchele anaujua tangu mapema, ukumbi anaulipia mapema, nguo za bibi harusi hushonwa mapema. Kwa nini samli peke yake ingoje siku 3 za mwisho? Iagizwe wakati wa mvua, maziwa yakiwa mengi, na ilipiwe sehemu ya bei kabla, ili mama wa Garsen au wa Kinango aweze kuyabakisha maziwa asimpe yule kijana wa pikipiki yote. Kamati zinazopika Maulidi na futari za pamoja zinaweza kufanya hivyo hivyo. Wenye maduka watenge rafu mbili, ya samli na ya mafuta. Na wazazi wawachukue watoto wao japo mara moja wakaone maziwa yakisukwa, kabla hawajabaki watu wa kuwaonyesha.

KWA YULE MZEE

Niliporudi kutoka Garsen na ile chupa moja, nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa yule mzee. Nilikuwa nimejitayarisha kumkabidhi na kuondoka, uongo wangu ukiwa sasa umepata mwili. Lakini aliifungua mbele yangu, akanusa, na uso wake ukabadilika. Akasema harufu ile aliisikia mara ya mwisho mamake alipokuwa hai.

Sikuweza tena. Nikamwambia kwamba ile ya harusi haikuwa hii, na kwamba nilisema uongo mbele ya watu.

Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Nilijua siku ile ile. Lakini ulipotaja Garsen nilifurahi, nikidhani labda ulimi wangu umezeeka, na samli bado ipo."

Akakataa kunirudishia fedha yangu ya nauli nisiyoiomba, akanilipa bei ya chupa peke yake, na akaniagiza nyingine kwa mwezi wa Ramadhani. Fedha ya agizo alinipa kabla. Nimekwisha kuipeleka.